Zamu ya Chirau

Wa kwanza kulalamika alikuwa kijana muuza vifuniko vya simu pale Ukunda, na alilalamika kwa adabu. Alimwambia Hasina kwamba gemu lake ni zuri, picha zinapendeza, mishale inavuma kama ya kweli, ila vita haviishi. Akamwonyesha simu yake. Uwanja ulikuwa umetulia tuli, wapiganaji wamesimama kila mmoja katika mraba wake, maadui nao wamesimama ng'ambo ya mikoko, na juu ya kioo yameandikwa maneno matatu: Zamu ya Chirau. Kijana aligusa hapa, akagusa pale, hakuna kilichosogea.

"Nimemngoja huyu Chirau mpaka simu ikazima," alisema. "Nikaichaji, nikaiwasha, bado ni zamu yake."

Hasina alimrudishia simu, akamwambia atalitazama. Hakumwambia kwamba Chirau ni jina la kaka yake, wala kwamba kaka yake alipotea baharini mwaka juzi na kwao bado anangojwa.

Ukimwona Hasina akipita njia ya Kinondo na buibui lake, mkoba begani, macho chini, ungesema huyu ni mwalimu wa chekechea. Hungedhani kwamba shughuli yake ni vita. Mchana alikuwa katika duka la kuchapisha karatasi na kutengeneza simu, akibadilisha vioo vilivyopasuka na kusikiliza watu wakiapa kwamba simu imejivunja yenyewe. Muda uliobaki alikuwa akitengeneza gemu na Swabir, mwenzake waliyesoma naye darasa moja. Swabir alichora watu, miti na lango. Hasina aliandika sheria: nani apige, apige kwa nguvu gani, na anayepigwa aumie vipi.

Gemu hilo waliliita Lango la Kaya. Ni kijiji kilichozungukwa na msitu, kina lango moja, na wavamizi hutokea upande wa bahari. Humo hamna kukimbizana wala kufyatua ovyo. Kila mtu ana zamu yake, kama katika bao: unafikiri, unasogea, unapiga, kisha unamwachia mwenzako. Majina ya wapiganaji yamepangwa ukingoni mwa kioo, moja chini ya jingine, na zamu hushuka jina kwa jina mpaka chini, halafu hurudi juu.

Majina yenyewe Hasina hakuyatafuta mbali. Aliyachukua nyumbani kwao, mwanzoni kwa uvivu tu. Chirau, mkubwa wao, alikuwa wa kwanza, mwepesi wa miguu na mpenda mbele. Wa pili alikuwa Mishi, mke wa Chirau, aliyepewa upinde na shabaha kali, jambo lililowachekesha wote kwa sababu Mishi wa kweli hata kuku alishindwa kumkamata. Akafuata mjomba wao Tembo, mzito wa mwendo ndani ya gemu na nje ya gemu. Chirau alipojiona na upinde wake kwenye kioo alicheka mpaka akakohoa, kisha akataka kujua mbona amepewa mikono myembamba. Swabir akamwongezea misuli ili apate amani.

Na sheria iliyolifanya gemu hilo lisifanane na mengine ilikuwa ya Chirau mwenyewe. Walipokuwa wadogo, yeye na Hasina walipigana vita vya vifuu. Kila kifuu cha nazi ni askari, mchanga ndio nchi, na ukikipindua cha mwenzako kwa kokoto umemuua. Watoto wengine wakiitwa kuoga walikuwa wakiviacha vifuu vyao papo hapo. Chirau hakukubali. Kila aliyeanguka lazima abebwe arudishwe nyumbani, hata kama jua limekuchwa, hata kama mama yao amekwisha kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Hasina alikuwa akilia na kubeba.

Basi katika Lango la Kaya, mpiganaji akifa haondoki uwanjani. Hulala pale alipoangukia, na jina lake hubaki mahali pake. Zamu yake ikifika, wenzake walio karibu huitumia zamu hiyo kumbeba mraba mmoja kuelekea langoni. Akifikishwa, jina lake linatoka na vita vinaendelea kwa waliobaki. Swabir alidhani wachezaji watachoka na ubebaji huo. Kumbe ndio uliowanasa. Mtu akishajua kwamba kila anayemfia ni mzigo atakaoubeba, hawatupi tena watu wake mbele ovyo.

Hayo yote yalitungwa Chirau akiwa hai. Alikuwa nahodha wa boti ya kutembeza wageni pale Galu, ile yenye kioo chini, wageni wanainama wanatazama samaki. Mwenye boti akaiuza kwa mtu wa Jego, kule kusini, akawaomba Chirau na mwenzake Garama waipeleke. Wakaondoka asubuhi wanaimba. Hali ya bahari ikageuka mchana. Watu wa Jego walimwokota Garama pwani, amelikumbatia dumu la mafuta kama mtoto na mamake, na boti ilipatikana imepasuka. Chirau hakupatikana.

Garama alikuja Kinondo mwenyewe kutoa habari. Alisema wimbi lilimchukua Chirau, akaibuka mara moja, hakuibuka tena. Bi Muhsina, mama yao, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, kisha akamwambia asikanyage tena ua wake mpaka siku atakayokuja na mwenzake aliyeondoka naye. Tangu siku hiyo Garama alikuwa akipita njia ya nyuma ya shamba, na akimwona Bi Muhsina kwa mbali husimama mpaka apite.

Mwalimu wa msikitini naye alikuja, akakaa barazani, akaeleza kwa upole. Kuna mtu aliyeona kwa macho yake na boti imeonekana, kwa hiyo inafaa Chirau aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, asomewe hitima, na mkewe akae eda. Kilichobaki ni neno la wenyewe. Bi Muhsina hakuinua macho kutoka kwenye makuti aliyokuwa akisuka.

"Hakuoshwa, hakukafiniwa," alisema. "Mnataka nimswalie nani?"

Mwalimu alikunywa chai akaenda zake.

Kwa hiyo Chirau alibaki kuwepo. Sahani yake ilipakuliwa kila jioni ikafunikwa kwa kawa, na asubuhi chakula wakapewa kuku. Ndara zake zilikaa mlangoni, na Bi Muhsina alizipangusa kila alfajiri na kuzigeuza zitazame ndani, ndara za mtu aliyekwisha kuingia. Hasina alizoea kuzivuka bila kuziangalia. Lakini siku moja alizikuta zimetazama nje, sijui ni mbuzi sijui ni mtoto wa jirani aliyezigusa. Alisimama hapo kizingitini kwa woga akiwaza ameondoka tena.

Aliyeumia zaidi kuliko wote alikuwa Mishi, na ndiye aliyesema kidogo kuliko wote. Alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo. Eda hakukaa, kwa sababu hakuna aliyekufa. Kwao Msambweni baba yake alituma watu wamwombee ruhusa arudi, wakaambiwa mke haondoki nyumbani kwa mumewe wakati mumewe yuko safarini. Alikuwa kijana bado, na alipika, akafagia, akachota maji, akafunika ile sahani kwa mikono yake. Maadamu Bi Muhsina hajasema neno, Mishi hakuwa na pa kwenda.

Hasina aliporudi na malalamiko ya yule kijana, alilijua kosa kabla hajaifungua kompyuta. Lilikuwa maji.

Maji yaliingia ndani ya gemu baada ya Chirau kupotea. Hasina alimwomba Swabir achore mkono wa bahari na mikoko mbele ya lango, na Swabir alichora bila kumwuliza kitu. Mpiganaji aliyejificha mikokoni ilikuwa vigumu kumpata kwa mshale, kwa hiyo wachezaji walipenda kuwapeleka watu wao huko. Lakini aliyeuawa majini alizama. Hakukuwa na mwili wa kubeba katika mraba wowote. Jina lake likabaki, zamu yake ikafika, na mchezo ukasimama kungoja abebwe.

Swabir alicheka kwa furaha alipoelezwa, kwa maana kosa linalojulikana ni nusu ya kazi. Ni mstari mmoja tu, alisema: anayefia majini, jina lake litoke papo hapo. Wangemaliza kabla chai haijapoa, na maonyesho ya Mombasa yalikuwa karibu. Hasina alisema ataandika. Hakuandika. Alikaa mbele ya kibodi, vidole vikakataa, kisha akajipa kazi nyingine ili asionekane amekaa bure.

Alipunguza maficho ya mikoko ili watu wasiingie majini. Wakaingia vilevile, kwa kuwa maadui walikotoka ndiko huko. Aliongeza nguvu ya mishale ili vita viishe mapema. Vikawa vya fujo. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakumwambia Swabir: akamwongezea Chirau uhai, mwingi kuliko wa mwenzake yeyote. Alidhani amemlinda. Wachezaji walipogundua kwamba Chirau anavumilia kuliko wengine, wakawa wanampeleka mbele kabisa, mpaka ndani ya maji makuu, na huko akazama katika kila simu. Hasina aliyaona hayo na akashikwa na hofu ambayo hakuweza kumweleza mtu, kwamba kwa mkono wake mwenyewe anamtuma kaka yake baharini kila siku, na kila siku harudi.

Ukunda haina dogo. Vijana wa vibanda vya simu walianza kusema gemu lina jini. Wengine wa bara waliokuja kufanya kazi hotelini waliwacheka, wakajaribu wenyewe, wakakwama palepale. Mmoja alimfuata Hasina dukani akamwambia, "Dadangu, huyo msee wenu Chirau ni wa ukweli ama? Maana ukiacha simu kwa meza unahisi kuna mtu anakuangalia." Alisema kwa mzaha, lakini alilifuta gemu simuni hapo hapo. Hasina alipopita sokoni jioni hiyo alikuwa akiwaza ni simu ngapi humu, mifukoni mwa watu asiowajua, zinamngoja kaka yake.

Siku moja alirudi nyumbani kula chakula cha mchana, akaiacha kompyuta wazi barazani wakati anatawadha. Alipotoka alimkuta mama yake amesimama mbele yake. Bi Muhsina alisoma chuo cha Kurani na akasoma ngumbaru ya watu wazima, herufi zilikuwa hazimsumbui. Alisoma yale maneno matatu taratibu kwa midomo.

"Ni yeye?" aliuliza.

Hasina alimwambia ni mchezo tu. Mama yake alisema anajua ni mchezo, yeye si mjinga. Anauliza kwa nini umesimama.

"Unamngoja, Mama."

Bi Muhsina alivuta mkeka wake karibu, akasogeza makuti yake, akakaa akasuka hapo hapo mbele ya kioo. Hasina alipotaka kuifunga kompyuta arudi kazini, mama yake alimwomba aiache. Akaiacha. Kesho yake ikawa hivyo, na siku zilizofuata. Watu wa duka walimwuliza kompyuta yake iko wapi, akasema imeharibika. Nyumbani, umeme ukikatika na kioo kikaanza kufifia, Bi Muhsina alimtuma mtu kwa jirani mwenye sola, kompyuta ikachajiwe, ikirudi irudishwe palepale ilipokuwa. Alikuwa haongei nayo wala halii. Alisuka tu, na kila baada ya ukuti mmoja kwisha, aliinua macho kutazama kama kuna aliyesogea.

Hasina aliogopa. Aliogopa zaidi kuliko siku ile boti ilipookotwa, kwa sababu ile ilikuwa kazi ya bahari na hii ilikuwa kazi yake. Mama yake alikuwa amepata mahali pa kungojea, na aliyemjengea ni yeye.

Swabir alivumilia, kisha akachoka. Alikuwa ameahidiwa kazi Nairobi na amekuwa akiipiga danadana kwa ajili ya gemu hili. Alikuja mpaka dukani, akasubiri mteja atoke, akasema bila kupandisha sauti.

"Hasina, hili si kosa la programu tena. Wewe hutaki."

Hasina hakumkatalia. Alimwambia tu kwamba hawezi kuandika kuwa mtu akizama basi jina lake limekwisha, kana kwamba hakuwahi kuwapo. Swabir alijibu kwamba hakuna aliyemwambia aandike hivyo. Aandike anavyotaka yeye, ila vita lazima viwe na mwisho, la sivyo si vita na si mchezo. Akampa mkono akaondoka. Hasina alijua kwamba anaagwa.

Alasiri hiyo alifunga duka mapema. Alimkuta mama yake pale pale barazani, na Mishi anatoka jikoni na sinia ya chai. Mishi siku zote alipitisha sinia mbele ya ile kompyuta bila kuitupia jicho. Safari hii, sijui ni kwa sababu ya mwangaza wa jua au ni kuchoka, alitazama. Aliliona jina la mumewe juu, na chini yake, kwa herufi zilizofifia za anayesubiri, aliliona lake.

"Wifi," alimwambia Hasina, "huyu Mishi atacheza lini?"

Hasina alimweleza kama anavyowaeleza wote, kwamba zamu hushuka jina kwa jina, na mpaka ya Chirau ipite, ya chini yake haifiki. Alipokuwa akiyasema alisikia anachokisema, na akatamani kuyarudisha.

Mishi aliiweka sinia chini polepole, vikombe visigongane. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, mimi simkatai mwanao. Nitamlilia mpaka nife. Lakini zamu yangu haifiki."

Aliinuka, akaingia ndani, na wakamsikia akifunga mlango wa chumba chake. Mikono ya Bi Muhsina ilikuwa imetulia juu ya ukuti, na Hasina hakukumbuka kama aliwahi kuiona imetulia mchana. Chai ikapoa hapo katikati yao.

Kisha Bi Muhsina aliuliza jambo ambalo Hasina hakulitegemea. Aliuliza kama anakumbuka siku waliyokuwa wakicheza vifuu kule penye maji, yeye mwenyewe akiwa amekwenda kufukua makumbi yake ya nazi aliyoyafukia yalainike, na maji yakajaa ghafla yakachukua kifuu kimoja. Hasina alikuwa amesahau. Alivyotajiwa tu ikamjia yote: kifuu kinaelea, kinazunguka, kinakwenda, na yeye anapiga kelele kwamba hawawezi kurudi nyumbani, mmoja amebaki.

"Ulilia ukataka kujitupa majini," mama yake alisema. "Yeye alifanyaje?"

"Aliwasimamisha wote mstari mmoja. Akasema, aliyemwona aseme."

"Nani alimwona?"

"Mimi."

"Ukasema?"

"Nikasema nimemwona akienda. Kisha tukarudi nyumbani."

Bi Muhsina alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyehesabu kitu kikamjia sawa. Akajifunga leso yake vizuri.

"Kamwite Garama," alisema.

Garama alikuja upesi, lakini alipofika ukingoni mwa ua alisimama. Alipiga hodi kwa mbali, akatoa shikamoo. Bi Muhsina aliitika marahaba, akamwambia apite, akae mkekani. Akamtaka aseme tena yote tangu mwanzo. Mishi alisimama nyuma ya mlango, mlango wazi. Garama alisema kuanzia asubuhi walivyoondoka, wimbo waliokuwa wakiimba, wingu, wimbi la kwanza, wimbi la pili. Hakupunguza wala hakupamba. Alipofika mahali Chirau alipoibuka, Bi Muhsina alimkatiza kwa swali moja tu. Alitaka kujua kama aliuona uso wake.

"Niliuona, Mama," Garama alisema. "Alikuwa akinitazama."

Hapo Bi Muhsina alilia. Alilia kwa sauti, yeye ambaye hakulia siku boti ilipookotwa wala siku Mwalimu alipokuja, na Hasina akalia naye, na Mishi akatoka nyuma ya mlango akaja akamshika mama mkwe wake miguu. Walipotulia jua lilikuwa linashuka. Chakula kilipopakuliwa, Bi Muhsina aliichukua sahani ya Chirau, akaondoa kawa, akaiweka mbele ya Garama, akamwambia ale. Garama alikula yote, machozi yanamdondokea mle mle ndani ya wali, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala ya Ijumaa, wanaume wa Kinondo walimswalia Chirau swala ya ghaibu. Nyumbani ilisomwa hitima, na mjomba Tembo alikwenda mpaka Msambweni kuwaambia wakwe kwamba binti yao anaingia edani, na akitoka yuko huru, aende atakako kwa baraka za nyumba. Ndara za mlangoni Bi Muhsina alizipangusa mara ya mwisho, akampa Mwalimu azipeleke msikitini, watu wazivae wakati wa kutawadha. Asubuhi iliyofuata Hasina alitoka nyumbani akainua mguu kuzivuka, na hazikuwapo.

Ndipo alipoandika sheria yake, kwenye kompyuta ya duka. Haikuwa mstari mmoja kama alivyotaka Swabir. Anayefia majini, yule aliyekuwa karibu naye akamwona ndiye shahidi wake. Shahidi lazima arudi langoni akiwa hai. Akifika, wapiganaji wote wanaacha walichokuwa wakifanya na kusimama kimya mzunguko mzima, bila kupiga na bila kusogea, na maadui hawawangoji, wanazidi kukaribia. Mzunguko ukiisha, jina linatoka. Na ule uhai aliomwongezea Chirau kwa siri, aliuondoa. Akamrudisha kuwa sawa na wenzake.

Swabir alipokea gemu jipya akiwa anafunga mizigo yake. Alimpigia Hasina simu baada ya muda mrefu, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba amepoteza lango. Shahidi wake alikuwa amezingirwa, ikabidi atoe watu wawili wamlinde mpaka arudi, na wakasimama kuomboleza wakati adui yuko pua na mdomo. Alikuwa akizungumza haraka haraka kama zamani. Alisema vita sasa vina roho, na kwamba Nairobi itangoja mpaka maonyesho ya Mombasa yapite. Yule kijana wa vifuniko vya simu naye alipita dukani kulalamika tena. Alishindwa kwa sababu ya kusimama. Hasina alimwuliza basi kwa nini alisimama, maana angeweza kumchelewesha shahidi asifike langoni.

"Sasa ningemwacha?" kijana aliuliza, na akaonekana ameudhika kweli.

Si wote waliolichukua gemu jipya. Ziko simu zilizobaki na lile la kwanza, na pengine ziko mpaka leo, zimetupwa makabatini, zikiwashwa ni zamu yake. Hasina huliwaza hilo akiwa peke yake dukani.

Ile kompyuta ya barazani alikuwa hajaigusa. Vita vile vilivyosimama alivihifadhi kama vilivyokuwa, akaviingizia sheria mpya. Humo hamkuwa na Garama, basi akamwongeza, akampa mraba wa majini ulio karibu na pale Chirau alipozamia. Aliwaita wote wawili wakae naye, mama yake mkekani na makuti yake, Mishi wa edani kwenye kigoda. Hakuwaeleza mengi. Alibonyeza kitufe, na Garama akaanza kutoka majini mraba kwa mraba, akipita katikati ya mikoko, mishale ikimkosa. Alifika langoni. Wapiganaji wote wakageuka kumtazama, wakasimama. Maadui wakasogea hatua yao. Bi Muhsina aliachia ukuti, akainua mikono, akasoma Fatiha.

Jina la juu lilitoka bila sauti yoyote. Yaliyo chini yake yalipanda kila moja nafasi moja, na kioo kikaandika: Zamu ya Mishi.

Mishi alinyoosha kidole, kikasimama juu ya kitufe. Akamgeukia mama mkwe wake.

Bi Muhsina alikuwa bado anakitazama kioo, pale juu palipokuwa na jina la mwanawe. Aliushika tena ukuti wake.

"Haya, mwanangu," alisema. "Cheza."